Daftari Kumi na Moja za Bi Riziki

Siku ya hitima ya Bi Riziki nilikaa ndani na wanawake, karibu na mlango wa uani. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, na sauti ya imamu ikitufikia kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Baada ya dua alisema maneno machache juu ya marehemu, kwamba alisomesha watoto wa Jomvu Kuu kwa miaka mingi kabla ya kuwa na madrasa, na kwamba nusu ya wanaume waliokuwa wameketi pale walijifunza alifu kwake. Kisha akasema, "Na tumshukuru Mwalimu Mwanatumu, aliyeipokea kazi ya marehemu akaihifadhi mpaka leo." Wanawake wote wakanigeukia. Aliyekuwa karibu nami akanipapasa goti. Mimi nikasema, "Inshallah." Yule mama akacheka kidogo ndani ya leso yake. "Inshallah vipi tena, Mwalimu? Si ushafanya?" Nikainamia sinia la pilau nikajitia kuwagawia wenzangu nyama kwa haraka, hata mchuzi ukanimwagikia kwenye buibui.

Jambo ninalotaka kulieleza nimeliandika mara nne katika daftari ninaloandikia mambo yangu, na mara zote nne nimelichana. Mimi si mwandishi. Shuleni nilifika darasa la saba, na mengine nimeyapata chuoni, tulikosomea Kurani, na kwa kufundisha. Najua pia kwamba nikiandika huwa najipendelea bila kujua, halafu nikijigundua najishambulia kupita kiasi, na yote mawili ni uongo. Kwa hiyo nitayaweka mambo kama nilivyoyaona mwaka ule chuo kilipogeuzwa madrasa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Jina langu ni Mwanatumu. Nimekuwa mkuu wa upande wa wasichana katika madrasa yetu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na chuo kilikuwa bado nyumbani kwa Bi Riziki. Yeye tulimwita Mwalimu, na mimi nilikuwa khalifa wake, yaani mwanafunzi mkubwa anayewasikiliza wadogo kabla ya Mwalimu mwenyewe kuwasikiliza. Chumba kilikuwa cha mbele, kirefu, chembamba, kina madirisha mawili ya mbao yanayotazama njia iendayo mtoni. Tuliketi juu ya mikeka iliyochakaa katikati, kwa hiyo waliochelewa ndio waliokaa katikati, wakaondoka na alama za sakafu miguuni. Watoto walikuwa kama arobaini. Kila mmoja alisoma pahali pake, huyu yuko Yasini, huyu yuko kwenye ba na ta, na wote walisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mgeni angedhani ni ugomvi. Mwalimu alikuwa jikoni, uani, akikuna nazi, na bado aliweza kusikia kosa la mtoto mmoja kati ya arobaini. Mbuzi ya nazi ingenyamaza ghafla. "We Athumani! Umeruka hapo. Rudi nyuma." Athumani angerudi nyuma, na mbuzi ingeendelea. Siku moja mtoto mmoja alimwuliza aliwezaje. Akajibu, "Mkisoma sawa siwasikii. Mkikosea ndipo namsikia mtu."

Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwake, na mahamri kwa mbaazi za nazi, waliokuja na kitu na waliokuja mikono mitupu wote sawasawa. Mchana, msimu wa kamba ulipokuwa mzuri, palikuwa na wali na mchuzi wa kamba wadogo wa mtoni ambao huliwa na maganda yao. Ndipo alipotufundisha maana. Hakuketi kufundisha, aliyasema huku akichagua mchele kwenye ungo, kwa Kiswahili chake cha Kimvita, na sisi wakubwa tukasikiliza midomo imejaa. Nakumbuka alivyotueleza ile sura inayowataja wanaoswali kisha wakazuia msaada mdogo. "Huyu anayetajwa hapa msimtafute mbali," alisema. "Si Makka, si Firauni. Umekwenda kwa jirani kuazima ungo, akakwambia una kazi, nawe wauona umetundikwa ukutani. Ndiye huyo. Na pengine huyo jirani ni weye." Kisha akanitazama. "Mwanatumu, ungo wetu uko wapi?" Nikasema nimemwazima mama wa nyumba ya tatu. "Haya. Leo hatumo." Tulicheka wote.

Na pia alitufundisha kuandika. Si Kiarabu peke yake. Alitufundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana watu wa zamani wa kwetu barua, hesabu za mashamba na tungo za arusi. Shuleni tuliandika Kiswahili kwa herufi za kizungu, na kwa Bi Riziki tukakiandika kutoka kulia kwenda kushoto, na hatukuona ajabu. Ilikuwa kama kuwa na milango miwili katika nyumba moja. Yeye mwenyewe hakujua herufi za kizungu kabisa. Alipopelekewa karatasi ya serikali aliikunja akaiweka chini ya godoro mpaka nifike nimsomee. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa, na siku nyingine akipata nafasi, aliandika katika daftari za shule za kawaida, zile zenye jadweli ya kuzidisha nyuma. Zilikuwa kumi na moja. Ndani yake aliandika maana ya kila somo kama alivyotueleza jikoni, na nyuma ya kila daftari aliandika habari za watoto, jina kwa jina: amefika wapi, ana shida gani, apelekweje. Hizo za watoto hakutuonyesha. Nilijua ziko kwa sababu alipokuwa akiandika alizifunika kwa kiwiko, kama mtoto anayekataa kuibiwa jibu.

Mwaka ule ndipo alipokuja Ustadhi Swaleh. Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu kwa miaka mingi nimemtumia yeye kichwani mwangu kama pahali pa kutupia lawama, na si haki. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Kisauni, aliyesoma nje na kurudi na cheti. Alikuwa mpole. Hakushika bakora, na Bi Riziki, Mungu amrehemu, alishika, na mimi nilishika kwa niaba yake. Ustadhi ndiye aliyesema watoto wapate choo, na choo kikajengwa. Ndiye aliyegundua kwamba Zainabu aliyekuwa akipigwa kwa uvivu hakuwa mvivu, haoni. Akamketisha mbele na akawaambia wazazi wake wampeleke kwa daktari wa macho. Zainabu huyo alisoma na sisi kwa miaka minne, na wala Mwalimu wala mimi hatukuwahi kuliona hilo. Ndiye aliyewaambia akina baba kwamba msichana akivunja ungo asitolewe chuoni. Leo watoto wangu madrasani wanasoma kwa tajwidi ambayo sisi hatukuijua, wanaelewa Kiarabu chenyewe, wanafanya mtihani mmoja na watoto wa Likoni na Utange. Haya yote yalianza naye. Sitayaficha ili hadithi yangu ipendeze.

Kamati ilikutana barazani kwa Bi Riziki mwenyewe, maana hapakuwa na pengine, na yeye ndiye aliyewapikia kahawa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikipanga vikombe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bakari, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Walizungumzia jengo jipya karibu na msikiti, vyumba vitatu vya matofali, madawati, ubao mweusi, vitabu vilivyochapwa. Kisha sauti zikapungua, nikajua sasa wamefika kwenye lenyewe.

"Na huyu mama?" mmoja aliuliza.

"Huyu mama ana baraka," alisema Mzee Bakari.

"Baraka anayo. Cheti je?"

"Weye una cheti gani? Hata cha kuzaliwa huna, tulikukadiria miaka kwa mafuriko."

Wakacheka. Kisha Ustadhi akasema kwa sauti ya chini, na kila neno nalikumbuka, au nadhani nalikumbuka: "Mimi simtoi mtu. Lakini serikali ikija kukagua, ikiuliza nani amefundisha nini, kwa mpango upi, nitawaonyesha nini? Nikipata chochote alichokiandika, mpango wowote, nitaupeleka mbele na nitamtetea. Wallahi nitamtetea."

Nikageuka, na Bi Riziki alikuwa nyuma yangu na birika la kahawa mkononi. Alikuwa amesikia yote. Alinipa birika nikawapelekee, akaenda chumbani, na nilipomaliza kuwamiminia nilimkuta amekaa kitandani na zile daftari zote kumi na moja kwenye paja, amezifunga kwa kipande cha leso. "Ndoo hapa," akaniita. "Hizi kesho umpelekee Ustadhi. Mwambie asome, ayue watoto wamefika wapi na wamefunzwa nini. Mimi sitaki kumpa kwa mkono wangu, ataniona naomba. Weye wamsomea, hati yangu pengine itampa tabu." Alikuwa na haya kama msichana anayeposwa. Akaniongezea, "Na asiseme kuwa nimezipamba. Nimeandika kama nilivyosema." Nilisema, "Abee, Mwalimu. Nitampelekea."

Kesho yake nilifika mapema katika jengo jipya. Chumba kilinuka chokaa mbichi. Ustadhi alikuwa ameagiza kwamba kabla ya kufungua madrasa tukusanye misahafu iliyochanika, juzuu zilizoliwa na mchwa na karatasi zote zenye herufi za Kiarabu, zisitupwe ovyo bali ziondolewe kwa heshima. Mtu asiye wa kwetu huenda asilijue hili. Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haiachwi chini. Ukiiona njiani waiokota, waibusu, waitia katika tundu la ukuta. Hatuulizi imeandikwa nini. Inatosha kwamba inafanana na ile iliyo tukufu. Ustadhi alitaka zichomwe, akatoa na dalili zake za vitabuni, lakini wazee waliposikia moto walisimama wote, Mzee Bakari akasema, "Ustadhi, hiyo elimu ya huko huko. Hapa ukiwasha kiberiti, utabaki peke yako na moto wako." Basi wakakubaliana kuzitosa mtoni, maji yakijaa. Kazi ya kuzikusanya na kuzipanga alipewa khalifa, ambaye ni mimi. Meza yote ilikuwa imejaa. Nikaziweka daftari za Mwalimu pembeni mwa meza, na kwa kuwa Ustadhi alikuwa bado hajafika, nikazifungua.

Nilikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye habari za watoto. Ni jambo la kitoto, lakini nani angefanya vingine? Nilitafuta jina langu katika daftari la mwisho, nikalipata. Hati ya Mwalimu ilikuwa nyembamba na iliyolala, wino wa buluu. Aliandika: "Mwanatumu. Sauti nzuri, ashika upesi kuliko wote. Akiulizwa hutazama kwanza uso wa muulizaji, kisha hujibu analotaka muulizaji. Hilo silo la kufunzwa kwa bakora. Namuombea." Basi. Mistari mitatu. Nilisimama pale na chokaa ikinichoma puani. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekwenda kwa yule mama kabla ya jua kuchomoza. Nilimfulia, nilimchotea maji, nilimsomea karatasi za serikali. Wengine aliwaandikia "mtoto mwema", "mwenye haya", "atakuwa mwanachuoni". Mimi aliniandikia hilo. Na wiki ile ile Ustadhi alikuwa ameniambia kwamba ananifikiria kunipa darasa la wasichana wadogo, nikiwa mwanamke wa kwanza kufundisha ndani ya jengo. Na sasa mimi ndiye wa kumsomea Ustadhi daftari hizi, ukurasa kwa ukurasa, mpaka afike hapo.

Ustadhi aliingia akiwa na haraka, mikono imejaa chaki. Alisalimu, akaniuliza kazi imefika wapi, akaanza kupitisha macho mezani. Akachukua daftari moja la Mwalimu, si lile la mwisho, jingine. Akafungua. Akakunja uso. Alijua Kiarabu kuliko mtu yeyote Jomvu Kuu, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ile ya kale hakukizoea, na pale alipofungua palikuwa na aya imenukuliwa katikati ya maelezo, hata jicho likidhani yote ni Kiarabu kilichoharibika. Akajaribu kusoma mstari, midomo ikicheza, akashindwa. Akaniangalia. "Hizi ni nini, Mwanatumu? Ni za kutoswa?"

Nimejiuliza kwa miaka kama aliuliza vile kweli, au kama ni mimi niliyeyaongeza yale ya mwisho ili kosa lionekane limeanzia kwake. Nadhani aliuliza hivyo. Lakini uso wake naukumbuka bila shaka: ulikuwa wa mtu mwenye kazi nyingi anayetaka meza ipungue. Nikautazama uso huo. Nikasema, "Ni nakala za watoto, Ustadhi. Makosa matupu." Akasema, "Lahaula," kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Akaliweka daftari juu ya rundo la misahafu iliyochanika, akatoka kwenda kupimia mafundi mahali pa dirisha. Yote hayakuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nilikuwa nimefanya lile lile lililoandikwa katika ile mistari mitatu, na nakumbuka nililijua papo hapo, kabla hajafika mlangoni.

Watu husema walikosa kwa ghafla, na hiyo huwa ni nusu ya udhuru. Mimi sina. Zile karatasi, pamoja na daftari zote kumi na moja, zilitiwa katika magunia mawili, na magunia yakakaa pembeni mwa darasa siku tatu, yakingojea bamvua, maji yanapojaa sana. Siku tatu nilifagia kuyazunguka. Siku ya pili nilikuwa peke yangu kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, na gunia lenye daftari halikuwa limeshonwa bado. Lilikunjwa tu mdomo. Nilisogeza gunia lile kwa mguu ili nifagie chini yake, kisha nikashtuka kwamba nimeligusa kwa mguu, nikaomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya mguu. Nilifikiria hilo la mguu siku nzima. Jioni Bi Riziki aliniuliza, "Umempa?" Nikasema nimempa. "Asoma?" Nikasema, "Anasoma." Akatabasamu kisha akajizuia, akaanza kunilaumu juu ya wali niliouunguza.

Ijumaa baada ya alasiri tuliteremka kwenye njia ya mikoko, wanaume mbele na magunia, watoto nyuma, mimi mwisho. Kila gunia lilifungwa jiwe la tumbawe. Mzee Bakari na wengine wawili wakaingia kwenye mtumbwi wakaenda mpaka katikati ambapo maji ni meusi. La kwanza lilizama. La pili likatia pumzi likaelea, likazunguka, jiwe limening'inia chini yake lisilitoshe. Mzee Bakari akalisukuma kwa kafi, likainuka upande wa pili. Akatupigia kelele ufuoni: "Elimu ya Jomvu hii ina mapafu!" Watu wote wakacheka. Ustadhi mwenyewe alicheka, na haraka akaziba mdomo. Mimi pia nilicheka. Nataka hilo liandikwe. Kisha Mzee Bakari akaligandamiza kwa mikono yote miwili, akijilowesha mikono ya kanzu, akilisomea, mpaka mapovu yakaisha.

Bi Riziki hakuja mtoni. Alikuwa akisubiri kuitwa na kamati. Alipoitwa, aliambiwa kwa heshima nyingi kwamba atakuwa mlezi wa madrasa, apewe zawadi siku ya Maulidi, na akipenda awafunze wanaoanza kabisa, nyumbani kwake, mpaka wafike umri wa dawati. Ustadhi alimwambia mbele ya watu, "Mama, natamani ungekuwa na kitu chochote cha maandishi." Nilikuwepo. Mwalimu alinitazama mara moja tu. Kisha akamjibu Ustadhi, "Mimi ni mtu wa maneno, mwanangu," na mpaka leo sijui kama alinilinda au alidhani Ustadhi amezisoma akaziona si kitu, na hakutaka kumwaibisha kwa kumlazimisha aseme hivyo. Tulipofika nyumbani nilingojea aniulize. Hakuniuliza mpaka baada ya wiki mbili, tena akiwa amenipa mgongo, akifua. "Ziko wapi?" Nikasema, "Kabatini kwa Ustadhi, Mwalimu. Anasema zinafaa. Anasema kwa sasa serikali inataka za kuchapwa, lakini hizi zihifadhiwe." Akaendelea kufua. Baadaye akasema, "Haya. Kama zafaa." Na kuanzia hapo aliwaambia watu, bila majivuno, kwamba daftari zake zimo kabatini madrasani.

Ustadhi alikaa nasi miaka mitatu akahamia mji mwingine, na mimi nikabaki. Katika ratiba aliyoiacha hapakuwa na saa ya kuandika Kiswahili kwa herufi zetu. Aliniuliza kama ni muhimu. Nikasema watoto wanakisoma Kiswahili shuleni. Kwa hiyo na hilo pia lilikuwa swali, na nilijibu. Sasa watoto wangu wanaandika Kiarabu kizuri kulia kwenda kushoto, na Kiswahili kwenye simu kushoto kwenda kulia, na hakuna hata mmoja anayeweza kusoma barua ya bibi wa bibi yake ikiwa imo bado sandukuni. Sisemi kwamba hilo limeniangukia mimi peke yangu. Vyuo vingi viligeuka hivyo hivyo, pasipo mtu kudanganya. Lakini maana waliyopewa na Bi Riziki, ile ya ungo na jirani, haikuwa katika vitabu vilivyochapwa. Pale penye msaada mdogo, vitabu vinasema "vyombo". Watoto huandika "vyombo" katika mtihani, wakapata alama.

Juma moja baada ya hitima alikuja Aziza, binti pekee wa Bi Riziki. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka michache, alilelewa kwa shangazi yake Likoni na hakupita chuoni kwa mamake. Alinikuta ofisini, wasichana wakisoma chumba cha pili. Alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki wenye zipu, wa aina wanayobebea watu wanaosafiri.

"Shikamoo, Da Aziza. Karibu."

"Marahaba. Sikai. Nimekuya kuchukua zile daftari za mama." Akauweka mfuko juu ya meza yangu. "Mwanangu wa chuo kikuu amesema kuna watu huko wanajua kuzisoma. Mama mwenyewe aliniambia, kabla hajazidiwa. Akasema nije na mfuko mkubwa, ni kumi na moja na zile karatasi zimevimba."

Niliamka nikafunga mlango. Nilimwambia yote, nimesimama, mgongo mlangoni, kuanzia birika la kahawa mpaka mapovu. Sikumtaja Ustadhi ila pale ilipobidi. Nilimwambia na ile mistari mitatu, neno kwa neno, kwa kuwa bila hiyo ingeonekana nilifanya kwa kutojua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na mama, miaka yote hii, ukija kumwona siku ya Idi, akikuuliza?"

"Nilimwambia ziko kabatini."

"Kila Idi."

"Kila Idi."

Alikaa kwenye kiti ambacho mwanzo alikikataa. Akautazama ukuta penye ratiba. Nilitaka anitukane, kwa kweli nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na nadhani yangenipa nafuu. Akasema, "Weye ulizisoma?" Nikasema nilizisoma baadhi, na mengi niliyasikia kwa mdomo wake, jikoni. "Basi kaa uandike," akasema. "Unayoyakumbuka. Yaandike kwa ile hati yake, nimpelekee mtoto. Lakini yawe ya mama. Usitie yako."

Nilichukua karatasi. Nilianza haraka, nikidhani yatamiminika, maana nimefundisha miaka yote na kila siku najiambia ninafundisha kama yeye. Niliandika la kwanza, la pili. Lile la tatu nikalikata, kwa kuwa halikuwa lake, nilikuwa nimelisoma kitabuni. La nne nikalikata pia. Kila nilipofika kwenye neno nikajiuliza, hili alilisema yeye, au ni mimi niliyelisema mbele ya watoto mara mia mpaka likapata sauti yake? Wasichana wakamaliza kipindi, wakatoka, wakaja wengine. Da Aziza hakuomba maji wala mimi sikukumbuka kumpa. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na nusu yenyewe imejaa mikato. Nikaupuliza wino, nikampa.

Aliishika karatasi kwa mikono miwili. Aligeuza nyuma, akakuta kweupe.

"Hivi tu?"

"Hivi tu, Da Aziza."

Akaitia ndani ya mfuko, ikaanguka mpaka chini. Akafunga zipu yote, akaukunja ule mfuko mara mbili, mara tatu, mpaka ukawa wa kutia kwapani, akajitanda buibui, akatoka bila kuniaga.